Tundu la Kushoto Kwanza

Shella, Malindi
Ijumaa, 10 Januari 2025

Kwa kaka yangu Kalama,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na nyumba yote, na kwamba ng'ombe yule aliyekuwa akichechemea amepona. Mimi huku sijambo. Joto la mwezi huu ungeweza kukaangia samaki juu ya bati, lakini nimelizoea.

Utashangaa kupata barua na sote wawili tuna simu. Kaka, ile simu ya Krismasi ndiyo iliyoniamulia. Nilikuuliza tu kama mvua imenyesha Tezo. Ulinijibu kwa sauti ambayo Bridgit, mwenye nyumba hii ninayopika, aliisikia kutoka barazani, akaja jikoni mbio akidhani nimeungua. Kisha nikasikia kishindo, kisha kimya. Binti yako Easter ameniambia simu ilipatikana ndani ya birika la kunyweshea ng'ombe. Basi nimeona tuandikiane. Peterson, anayetuletea nazi kutoka huko kwenu kila Ijumaa, amekubali kuwa posta yetu.

Sasa nililotaka kusema. Easter ameniambia pia kwamba Jumapili ya kabla ya Krismasi ulianguka uwanjani mwa kanisa ukigombania mpango wa viti. Na kwamba Idah, muuguzi wa zahanati, alikupima presha mara tatu kwa kudhani mashine imeharibika. Amekupa dawa, na amekuambia upunguze hasira. Dawa najua unameza. Hasira je?

Unajua hapa wageni huja kufundishwa na Bridgit kujinyoosha na kupumua. Wewe hupaita nyumba ya wavivu. Lakini kuna kupumua kumoja nimekujaribu mwenyewe, na kunanituliza, nami nimeona nikuandikie. Keti wima, mabega chini. Kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, ziba tundu la pua la kulia. Vuta pumzi polepole kwa tundu la kushoto, ukihesabu moja hadi nne. Kisha ziba la kushoto kwa kidole cha pete, fungua la kulia, utoe pumzi kwa hilo, moja hadi nne. Vuta tena kwa hilo hilo la kulia, uzibe, utoe kwa la kushoto. Huo ni mzunguko mmoja. Fanya mizunguko mitano asubuhi na mitano jioni. Usijilazimishe wala usibane pumzi. Na dawa za Idah usiache.

Wifi yangu Everlyne hajambo? Siku hizi hata salamu zake sizipati. Mwambie nataka ile mbegu yake ya mchicha.

Ni mimi mdogo wako,
Sidi


Tezo
24 Januari 2025

Kwa mdogo wangu Sidi,

Marahaba. Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Mungu. Ng'ombe amepona. Mihogo imeanza kushambuliwa na fuko, na fuko huyo nimemwekea mtego wa aina tatu, na bado ananidharau. Mikorosho imezaa vizuri.

Nimesoma barua yako. Nataka kusahihisha mambo mawili.

Kwanza, simu haikutupwa. Iliniponyoka mkononi, ikaenda upande wa birika. Pili, mimi sina hasira. Nina sauti. Marehemu baba alikuwa na sauti, na babu alikuwa na sauti, na hakuna aliyewaandikia barua.

Kuhusu hilo la pua, nimeshangaa. Mungu alimpa binadamu matundu mawili ili yafanye kazi pamoja. Ni nani huyo aliyeamua yapewe zamu, kama walinzi wa lango? Nilimuuliza Mchungaji Laban kama hiyo ni dini ya watu wengine. Alifikiri, akasema hajawahi kuona andiko linalokataza mtu kushika pua yake. Kwangu jibu hilo ni la mtu ambaye hakujiandaa.

Everlyne hajambo. Yuko Marereni kwa mama yake, amekwenda kuwasalimu. Mbegu ya mchicha sijui ameiweka wapi.

Hii ni Krismasi ya tatu hukuja nyumbani. Najua utasema kazi.

Ni mimi kaka yako,
Kalama

Nimesahau. Kidole cha pete ni cha mkono ule ule wa kulia, au cha mkono wa kushoto? Hukueleza vizuri. Nauliza tu.


Shella, Malindi
7 Februari 2025

Kaka Kalama,

Shikamoo tena. Nimefurahi kusikia korosho ni nzuri, na pole kwa fuko. Hapa tuna wageni kumi na wawili. Mmoja hali kitunguu, mwingine hali kitu chochote kilichowahi kuwa na macho, na wa tatu ameniuliza kama nazi ina macho. Nimempa wali mtupu.

Mkono ni ule ule mmoja, wa kulia. Vidole viwili vya kati vikunje kuelekea kiganjani ili visikusumbue. Gumba kulia, cha pete kushoto. Huanza daima tundu la kushoto.

Na si dini, kaka. Wenzetu wa Bara Hindi ndio waliokuwa nayo tangu zamani, na kwao huenda ina mambo yake marefu. Bridgit mwenyewe ni mwimbaji wa kwaya, amelelewa Kisumu na nyanya aliyekuwa mama wa kanisa. Anachokisema ni hiki tu: mtu akiwa na hasira hupumua mbio mbio, na ukiilazimisha pumzi itembee polepole, moyo nao huona haya ukapunguza mwendo. Mimi sijui kama ndivyo ilivyo ndani ya mwili. Ninajua tu kwamba nikimaliza mizunguko mitano, sauti niliyotaka kuitoa huwa imekwisha kwenda zake.

Jambo moja la maana. Ukianza kuhesabu, usikatize katikati. Mtu akikusemesha, maliza kwanza pumzi hiyo. Ukikatiza unarudi mwanzo, na unabaki na kizunguzungu.

Wifi amerudi? Mama yake ni mgonjwa?

Sidi


Tezo
14 Machi 2025

Mdogo wangu Sidi,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Gari la Peterson lilikufa gia, na pia nilikuwa na mafua.

Sikusema kwamba nitajaribu, wala sikusema kwamba sitajaribu. Nilianza tarehe kumi Februari, nyuma ya ghala, ambako hakuna mtu. Siku ya kwanza tundu la kushoto lilikuwa limeziba kabisa kwa mafua. Nikaziba la kulia kama ulivyoagiza, nikavuta. Hakuna kilichoingia. Nikavuta kwa nguvu. Ikatoka filimbi. Mbwa wa jirani akaja, akaketi mbele yangu, akaningoja nimwambie la kufanya. Ilibidi niache wiki mbili nipone.

Nikaanza upya. Nakiri kwamba kuna kitu. Sitasema ni kitu gani.

Tarehe mbili mwezi huu tulikuwa na kikao cha wazee wa kanisa. Hesbon akasimama kusema mlango wa kanisa uzibwe ufunguliwe upande wa pili, kwa sababu upepo unamzimia mishumaa. Unamjua Hesbon. Unajua pia ni nani aliyeujenga mlango ule kwa mikono yake. Nilisikia kitu kinapanda kutoka tumboni. Nikaketi wima, mabega chini, nikashika pua, nikaanza. Hesbon akaendelea kusema, nikaendelea kuhesabu. Akamaliza hoja yake yote, kitu ambacho hakijawahi kumtokea nikiwapo. Akanitazama. Watu wote wakanitazama. Nilikuwa kwenye mzunguko wa tatu.

Mchungaji Laban akasema, "Mzee Kalama, una maoni?"

Nikatikisa kichwa.

Kikao kikasimamishwa. Waliniombea, na mama mmoja akatumwa kumwita Idah aje na mashine. Idah akanipima. Presha ilikuwa imeshuka. Akapima tena.

Everlyne bado yuko kwa mama yake. Mama ana goti. Easter ndiye anayenipikia akitoka kufundisha shuleni, na sima yake ni laini mno.

Kesho Jumamosi nakwenda Marereni kuwasalimu wakwe. Nataka kukuuliza neno moja. Kupumua huko, kunaweza kufanywa na mtu aliyeketi mbele ya watu wasiomtaka?

Kalama


Shella, Malindi
21 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imenifikia leo, na Jumamosi yako imekwisha kupita. Sina habari nyingine za kukupa kwanza.

Kwa nini wakwe wasikutake? Goti gani linachukua miezi miwili? Nimempigia Easter, amesema, "Shangazi, muulize baba," akakata. Nami nakuuliza wewe.

Sidi


Tezo
11 Aprili 2025

Sidi,

Marahaba. Wote wazima. Mvua imeanza, tumepanda mahindi.

Goti halipo. Everlyne aliondoka mwezi wa kumi mwaka jana. Nilimkataza Easter asiseme. Sasa nimesema mimi.

Sababu ilikuwa miwani. Kina mama wa kanisa walikuwa barazani kwetu, kama kumi hivi, wanakunywa chai. Nilikuwa natafuta miwani yangu nikaikosa. Nikamwita Everlyne, nikamuuliza ameiweka wapi. Akasema, "Baba Easter, tulia kidogo nikwambie." Sikutulia. Nilisema mengi, mbele ya wale kina mama, kuhusu nyumba isiyo na mpango na mwanamke asiye na mpango. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono akaniondolea miwani usoni, akaiweka mezani, akaingia ndani kufungasha.

Sasa habari ya Marereni. Naiandika kwa sababu wewe ndiye uliyenipeleka huko na pua yangu.

Nilifika saa nne asubuhi, nimevaa shati la kanisani, nina kikapu cha korosho nilizobangua mwenyewe. Nikapiga hodi. Waliniketisha nje, mlangoni. Mwaringa, kaka yake Everlyne, akaja akaketi mbele yangu. Unamkumbuka, ni nyapara kwenye mashamba ya chumvi, mtu wa kuongea kama anashindana na upepo. Siku hiyo aliongea polepole.

"Kalama," akasema, "umekuja kuchukua nini?"

"Nimekuja kuwasalimu."

"Salamu tumezipata. Kuna jingine?"

"Mke wangu."

"Mke wako alifika hapa mwezi wa kumi, akakaa wiki nzima bila kusema neno. Mama akadhani amepatwa na koo. Kumbe alikuwa amesahau tu kwamba kuna nyumba ambazo mtu akifungua mdomo hapigiwi kelele."

Sidi, kitu kile kikapanda. Kilipita tumbo, kikapita shingo, kikafika masikioni. Zamani ningemwambia Mwaringa maneno juu ya ukoo wake mpaka babu wa tano. Lakini nikakukumbuka. Nikaketi wima. Nikaziba pua.

Wakati huo huo mama mkwe akatoka jikoni na bakuli la papa mkavu wa nazi. Alikuwa amempika kwa ajili yangu. Wewe unamjua papa wa Marereni, yule aliyekaa na chumvi mwezi mzima. Akaliweka mbele yangu. Akainua macho. Akaniona nimeshika pua.

"Ananuka?" akauliza.

Nilikuwa nimefika tatu. Na wewe uliniandikia, kwa mkono wako, nisikatize hesabu katikati, mtu akinisemesha nimalize kwanza pumzi hiyo. Basi nikainua kidole cha mkono wa pili, kumwomba angoje.

Sijawahi kuona watu wakisimama kwa pamoja namna ile isipokuwa kanisani. Mama mkwe akachukua bakuli lake. Mwaringa akachukua kikapu changu cha korosho, akakipeleka nje ya ua, akakiweka chini taratibu, bila kumwaga hata moja. Utaratibu ule ndio ulionitisha. Nilipoanza kueleza, nikaeleza kwa sauti yangu, na unaijua sauti yangu.

Everlyne alikuwa mlango wa jikoni. Alijifunika mdomo kwa leso. Sijui alikuwa analia au anacheka. Nimeliwaza jambo hilo wiki nne na sijui.

Sasa nimebaki bila mke, na wakwe wanasema nimekwenda kwao kuwaonyesha kwamba wananuka. Asante sana kwa mafundisho yako.

Kalama


Shella, Malindi
25 Aprili 2025

Kaka Kalama,

Shikamoo. Sisi wazima. Mvua imeingia jikoni, tumeweka ndoo.

Nitakuwa mkweli. Nilipofika kwenye kile kidole ulichoinua, niliiweka barua chini nikatoka nje, na Bridgit akaja kuniuliza tena kama nimeungua. Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni. Nisamehe.

Kisha nikasoma tena ile sehemu ya miwani, nikaacha kucheka.

Kosa la bakuli ni langu. Wiki yangu ya kwanza hapa nilipeleka samaki wa kupaka barazani nikakuta watu tisa wameshika pua, macho wamefumba. Nilirudi jikoni nikamwaga sufuria nzima, nikaanza kupika upya huku nalia. Hata Bridgit akaja akanieleza. Nilipaswa kukuonya kwamba jambo hili hufanywa kabla ya kufika mbele za watu, si mbele yao, na si mbele ya chakula chao. Sikukuonya.

Lakini ya Everlyne usinitwike mimi. Alikuwa ameondoka miezi minne kabla hujashika pua.

Nina neno nimelinyamazia, na kwa kuwa wewe umesema lako, nitasema langu. Kila Krismasi unaniuliza kwa nini siji, nami nasema kazi. Bridgit hufunga nyumba wiki mbili kila Desemba, kaka. Nimekuwa nikikaa hapa peke yangu, nikiwasha redio.

Siku tuliyomzika mume wangu Sanga, kwaya ilichelewa. Unakumbuka? Uliwasimamisha langoni, ukawapigia kelele mbele ya jeneza mpaka yule msichana wa sauti ya kwanza akalia na akashindwa kuimba. Nilikuwa nimeketi na mkono wangu juu ya ubao wa jeneza. Nilikuwa nasema naye, kimoyomoyo, maneno ya mwisho. Sikumbuki yalikuwa yapi. Nikijaribu kuikumbuka siku ile, kitu pekee kinachokuja ni sauti yako ikisema, "Saa nne ni saa nne!" Niliishi na mtu yule miaka ishirini na saba, na nilichobaki nacho ni saa nne.

Ndiyo maana siji. Na ndiyo maana hata mimi nilihitaji kujifunza kupumua.

Usiniombe niende Marereni kukueleza. Sitakwenda. Pumzi inaweza kukusaidia unyamaze. Haiwezi kuomba msamaha kwa niaba yako.

Sidi


Shella, Malindi
6 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Ni wiki sita. Peterson ameniambia alikupa barua yangu mkononi, ukaisoma umesimama, kisha ukaketi juu ya gunia la nazi zake, akakungoja mpaka akachelewa soko. Anasema uko hai na unakula.

Si lazima ujibu yote. Nijulishe tu kama dawa unazo.

Sidi


Tezo
4 Julai 2025

Kwa dada yangu Sidi,

Shikamoo. Najua mkubwa ni mimi na salamu hii si ya kwenda upande huo. Ipokee hivyo hivyo.

Dawa ninazo. Mahindi yanakaribia kuvunwa. Fuko bado.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Easter anasema nimemaliza daftari lake la masomo. Nilikuwa naanza kila mara kwa kueleza kwamba kwaya iliambiwa saa nne tangu Jumatano, na ni kweli iliambiwa. Halafu nilikuwa nasoma nilichoandika, naona ni yale yale, ila sasa nimeyapiga kelele kwa kalamu.

Sanga alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mume wako. Mimi ndiye niliyemleta nyumbani. Siku ile walinipa orodha ya shughuli za mazishi niisimamie, nami nilikuwa na hakika kwamba nikinyamaza hata dakika moja nitaanguka mbele ya watu. Basi sikunyamaza. Nilijiokoa mimi, nikakuharibia wewe siku ambayo hairudi. Sijui mtu hulipa nini kwa jambo kama hilo. Nisamehe, Sidi. Kama huwezi sasa, nitangoja, na sitauliza kila wiki.

Nilimtafuta yule msichana wa sauti ya kwanza. Ameolewa Kilifi mjini. Nilikwenda kwake. Aliponiona mlangoni alirudi nyuma hatua mbili. Nilimwomba msamaha, akasema, "Mzee, nilidhani umekuja kuniuliza kwa nini nimechelewa kuolewa." Tukanywa chai.

Jumamosi iliyopita nikaenda Marereni. Mizunguko yangu nilimaliza mapema, stendi, nimegeukia ukuta. Mama anayeuza mahamri hapo alinipa kipande cha gazeti nijifute pua, nikapokea.

Nilipofika sikuketi. Nilimwambia mama mkwe, "Mama, papa wako hakunuka. Nilikuwa nazuia mdomo wangu nisimtukane mwanao, na njia niliyofundishwa ni ya kushika pua. Ningeshika mdomo mngeelewa." Akasema, "Onyesha."

Nikaketi chini, nikaonyesha. Mizunguko mitano, mbele ya ukoo mzima, na kuku. Nilipofungua macho, Mwaringa alikuwa amejikunja mbele yangu, ananichungulia.

"Kidole gani hicho cha pili?" akauliza.

"Cha pete."

"Na ukiwa kazini, na watu hamsini, na umewaambia fungeni maji na wao wamefungua?"

"Ni pale hasa."

Akajaribu. Mikono yake imekakamaa kwa chumvi, vidole havikunjiki, akajichoma jicho. Mama mkwe akacheka mpaka akashika nguzo. Akaleta papa. Nilikula bakuli mbili, na Sidi, nakuambia wewe peke yako: ananuka.

Everlyne alitoka mwishoni. Nilimwambia nimekosa, na nikataja kosa lenyewe, kwa jina, mbele ya kaka yake. Nilimuuliza siku ile ya bakuli alikuwa akilia au akicheka. Akasema, "Vyote viwili, na bado sijamaliza." Hakusema anarudi. Hakusema harudi. Aliniuliza mchicha wake nani anaumwagilia. Nikasema ni mimi. Akasema basi nirudishe na kile kikapu cha korosho.

Nimefika nyumbani salama. Naumwagilia mchicha.

Kaka yako,
Kalama


Tezo
15 Agosti 2025

Kwa Sidi,

Salamu nyingi. Nakuandikia haraka kidogo, kwa sababu nimepewa ruhusa fupi.

Everlyne amerudi. Alishuka garini Jumanne asubuhi, ana begi moja na ndoo ya papa. Nikampokea. Nikataka kusema maneno niliyoyatayarisha. Akasema, "Ngoja. Kaa."

Nikakaa.

Sidi, tumeoana miaka thelathini na moja. Kumbe miaka yote hiyo mke wangu alikuwa na mambo ya kusema, na kila alipofungua kinywa nilikuwa nimekwisha kuanza mimi. Hakuyasahau. Ameyaweka yote, kwa mpangilio, kila moja na siku yake na nguo niliyokuwa nimevaa. Alianza na mwaka wa tisini na nne, harusi yenyewe. Hiyo ilichukua Jumanne yote. Jumatano tulifika hadi kuzaliwa kwa Easter. Anasema akipepeta mchele, anasema akifua, akienda kisimani ananiambia nije na ndoo ili asipoteze mfululizo. Na ana sauti! Hesbon alipita barabarani jana akasimama, akauliza kama tuko salama. Nikamwambia tuko mwaka elfu mbili na tatu.

Ninakaa. Ninasikiliza. Kikipanda, natoka nyuma ya ghala, namaliza mizunguko yangu, narudi, naye anaendelea pale pale alipokuwa. Mengine nilikuwa sikumbuki kabisa. Mengine nilikuwa nayakumbuka kwa namna iliyonipendeza mimi. Jana aliponieleza siku aliyoharibikiwa na mimba ya pili, na mimi nilisema nini mlangoni mwa zahanati, sikwenda nyuma ya ghala. Nililia hapo hapo, na yeye akaacha kusema. Akanipa leso yake. Kisha akasema, "Haya. Elfu mbili na nne."

Idah alikuja kunipima leo. Hakurudia.

Nataka kukuomba jambo. Siku yoyote Bridgit atakapokupa nafasi, njoo. Usije kunisamehe, hilo liko kwako. Njoo useme. Useme yote ya siku ile, na ya kabla yake, kwa sauti, kadiri utakavyo. Mimi nitakuwa nimekaa.

Everlyne anaita.

Kalama


Shella, Malindi
22 Agosti 2025

Kaka Kalama,

Shikamoo. Huku wote wazima, na wifi umpe pole na hongera, vyote kwa pamoja.

Nimeomba ruhusa ya siku kumi. Nitakuja Ijumaa ijayo na gari la Peterson, niketi mbele, yeye amenihakikishia gia zimepona. Tutafika kabla ya adhuhuri. Nataka kwanza twende kwa Sanga, sisi wawili, bila watu na bila orodha. Huko nitakaa nimnyamazie kidogo, na wewe utasimama karibu ukinyamaza pia.

Baada ya hapo nitaanza kusema. Ninayo mengi kuliko nilivyofikiri, nimeona jana usiku nilipojaribu kuyapanga. Mengine ni ya tangu tulipokuwa watoto. Mwambie Everlyne asubuhi achukue yeye na jioni niachie mimi, ili usichoke.

Tafuta kiti kizuri.

Dada yako,
Sidi